Mekanika ya yabisi na ya ukokotozi: utafiti uko wapi, na kazi ziko wapi?

Swali: Shikamoo Mhandisi. Nina umri wa miaka 26. Nilihitimu shahada ya kwanza ya uhandisi ujenzi jijini Dar es Salaam mwaka 2023, na sasa niko kwenye eneo la ujenzi mkoani Morogoro, ambako kazi yangu kubwa ni kusimamia umwagaji wa zege. Chuoni nililipenda mno somo la uimara wa vifaa, na mbinu ya elementi niliionja kidogo tu kabla muhula haujaisha. Natamani kusoma mekanika ya yabisi na ya ukokotozi hadi shahada ya uzamivu, lakini mjomba aliyenisomesha anasema nitarudi nyumbani na vyeti vizuri nisivyokuwa na pa kuvitumia. Je, fani hii ina utafiti wa maana na ajira? Nianzie wapi wakati nina kompyuta mpakato ya kawaida tu? Na je, niache kazi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na jibu lenyewe kabla ya maelezo: utafiti upo tele, na ajira ipo, ila ajira hiyo mara nyingi haitangazwi kwa jina la fani. Ni nadra sana kuona tangazo la kazi nchini likimtafuta mtaalamu wa mekanika ya ukokotozi, na kwa hilo wasiwasi wa mjomba wako una msingi. Utaajiriwa kama mhandisi wa miundo, wa reli, wa mabwawa, wa mabomba au wa migodi, kisha ujuzi huu ndio utakaoamua nani anakabidhiwa sehemu ngumu ya usanifu na nani anabaki kujaza majedwali. Kwa hiyo swali la kazi na swali la namna ya kujifunza ni swali moja, na nitayajibu kwa pamoja.

Mekanika ya yabisi huuliza mambo machache tu, nayo ni magumu: kitu kigumu kikibebeshwa mzigo, kikipashwa joto au kikigongwa, nguvu hupita wapi ndani yake, umbo lake hubadilika kiasi gani, na kitavunjika lini. Hooke alieleza mwaka 1678 kwamba urefu unaoongezeka kitu kinapovutwa huenda sambamba na nguvu inayovuta. Euler akaonyesha mwaka 1744 jinsi nguzo nyembamba inavyopinda ghafla kabla vifaa vyake havijafikia kikomo cha nguvu zake. Na katika miaka ya 1820 Cauchy akaupa mkazo, yaani nguvu inayobebwa na kila kipimo cha eneo ndani ya kitu, sura ya kihesabu tunayoitumia hadi leo. Milinganyo ilikuwapo, lakini kuitatua kwa kitu chenye umbo la kweli, kama bawa la ndege au ukuta wa bwawa, kulikuwa nje ya uwezo wa kalamu. Mwaka 1956 Turner, Clough, Martin na Topp walichapisha njia ya kuligawa umbo gumu katika vipande vidogo ambavyo tabia ya kila kimoja inajulikana, kisha kuviunganisha katika mfumo mmoja mkubwa wa milinganyo ambao kompyuta inaweza kuutatua. Mwaka 1960 Clough akaipa njia hiyo jina inaloitwa hadi leo, na ndiyo hiyo mbinu ya elementi uliyoionja chuoni. Mekanika ya ukokotozi imekua juu ya msingi huo.

Sasa nikueleze jambo lililonipata nikiwa na umri wako, kwa sababu ndilo lililonifundisha kazi hii ni kazi gani. Nilipewa kuchambua mnara wa chuma wa kubebea tangi la maji la lita elfu hamsini. Nilichora muundo wote katika programu, nikaweka shinikizo la maji kwenye kuta za tangi, likiongezeka kadiri unavyoshuka kama linavyotakiwa, nikaweka uzito wa chuma, nikaendesha hesabu na kupeleka ripoti yenye picha za rangi zilizopendeza macho. Mhandisi mkuu hakuzitazama picha. Alifungua ukurasa wa nguvu za maegemeo, akajumlisha kwa penseli nguvu za miguu minne, akapata kiasi cha kilonyutoni sitini, kisha akaniuliza kwa upole, "Maji ya lita elfu hamsini yana uzito gani?" Yana tani hamsini, yaani karibu kilonyutoni 490, hata kabla ya kuhesabu chuma. Nilikuwa nimesahau kuweka shinikizo kwenye sakafu ya tangi. Shinikizo la kuta husukuma pande zote na hujifuta lenyewe, hivyo mnara wangu ulikuwa umebeba chuma kitupu, na kila rangi katika ripoti ile ilikuwa ya uongo. Programu haikulalamika hata mara moja, kwa sababu milinganyo niliyoipa ilitatuliwa sawasawa kabisa.

Kosa langu liliishia kwenye karatasi. Lingine, la wahandisi wenye uzoefu kuliko wangu, liliishia majini. Tarehe 23 Agosti 1991, katika ghuba ya Gandsfjord karibu na Stavanger, Norwe, kitako cha zege cha jukwaa la gesi la Sleipner A kilikuwa kikizamishwa taratibu kwa majaribio. Kilikuwa na visima 24 vikubwa vya zege, yaani vyumba virefu vyenye uwazi ndani, vilivyoshikamana, na mahali ambapo visima vitatu vinakutana hubaki nafasi ndogo ya pembetatu ambayo maji ya bahari huingia na kusukuma kuta zake kwa nguvu zote. Wavu wa elementi, yaani ule mgawanyo wa umbo katika vipande vya hesabu, katika pembe hizo ulikuwa mpana mno na baadhi ya elementi zilikuwa zimepotoka umbo, hivyo hesabu ikatoa mkazo wa kukata ulio pungufu kwa asilimia 47. Nondo za mahali hapo nazo zikawa fupi kuliko ilivyohitajika. Ukuta ulipasuka, maji yakaingia kwa kasi ambayo pampu hazikuweza kuimudu, na muundo mzima ukazama na kupondeka chini ya ghuba. Hasara ilikadiriwa kuwa dola za Marekani milioni 700. Jambo ambalo huwa nawarudishia wanafunzi wangu ni hili: uchambuzi uliofanywa baadaye kwa wavu ulio makini zaidi ulionyesha kwamba ukuta ule ungevunjika kwenye kina cha mita 62, nao kwa kweli ulivunjika kwenye mita 65. Mbinu ileile ya hesabu ilikuwa na uwezo wa kusema kweli, ikiwa na mtu wa kuiuliza vizuri.

Ndiyo maana nasema kwamba anayejua kubonyeza vitufe vya programu ana soko dogo na linalozidi kupungua, kwa kuwa programu zenyewe zinarahisishwa kila mwaka. Mwenye soko ni yule anayeweza kutazama jibu la kompyuta na kujua kwamba si kweli, akaeleza kwa nini, na akalirekebisha. Ujuzi huo hutoka katika mekanika ya yabisi yenyewe, katika kukadiria kwa mkono, na katika kuandika msimbo wako mwenyewe angalau mara moja ili ujue ndani ya sanduku mna nini.

Ukitaka kuona utafiti uliko, huna haja ya kutoka Morogoro. Treni ya umeme kutoka Dar es Salaam ilianza kuchukua abiria hadi huko tarehe 14 Juni 2024, ikipita juu ya reli za kisasa zilizochomelewa zikawa kipande kimoja kirefu kisicho na mianya ile tuliyozoea kuisikia ikigonga katika reli ya zamani. Chuma kikipata joto hutanuka, lakini reli iliyochomelewa na kufungwa kwenye mataruma haina pa kutanukia. Chukua reli ya kilo 60 kwa mita, ambayo hutumika katika njia nyingi za kisasa. Eneo la mkato wake ni karibu milimita za mraba 7,650. Ikiwa ilifungwa katika nyuzijoto 35 na jua la mchana likaifikisha 60, tofauti ni nyuzi 25. Zidisha ugumu wa chuma, megapaskali 210,000, kwa kiwango chake cha kutanuka, 0.0000115, kisha kwa 25, na utapata mkazo wa karibu megapaskali 60. Ukizidisha kwa eneo la mkato, kila reli inasukumwa kwa nguvu ya takribani kilonyutoni 460, sawa na uzito wa tani 46 au 47. Angalia pia kwamba urefu wa reli haukuingia popote katika hesabu hiyo.

Hadi hapo kalamu inatosha. Kinachobaki ni swali ambalo kalamu hailiwezi: je, reli yenye kona, iliyopinda milimita chache tangu mwanzo, inayoshikwa pembeni na kokoto zilizolegezwa na mtikisiko wa treni, itabaki mahali pake au itachomoka ghafla upande mmoja? Hapo mkazo, kupinda ghafla, msuguano wa kokoto na joto vinakutana katika tatizo moja lisilonyooka, na kulitatua kunahitaji mekanika ya ukokotozi kwa maana yake kamili. Tasnifu ya umahiri inaweza kukaa hapo kwa raha, kwa joto la kweli la reli zetu na kokoto za machimbo yetu. Tatizo hilo lina ndugu yake wa karibu katika bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443: mafuta yake yana nta, hivyo lazima yatunzwe katika joto, na bomba lililofukiwa ardhini likipashwa joto hutafuta njia ya kutanuka kama reli inavyotafuta.

Utafiti mwingine ninaoupigania kwa moyo wote uko Zanzibar. Jumba la Beit al-Ajaib katika Mji Mkongwe lilijengwa mwaka 1883, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ilianguka wakati wa ukarabati, na watu walipoteza maisha. Majengo ya Mji Mkongwe, kama yale ya Lamu na magofu ya Kilwa Kisiwani, ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, yenye kuta nene zilizojazwa kifusi katikati, na dari za boriti za mikoko ambazo urefu wake ndio uliowekea mpaka upana wa vyumba. Ukuta wa namna hiyo hubeba vizuri mzigo unaoushindilia, lakini karibu hauna uwezo wa kuvutwa. Maji yakiingia kwenye chokaa na chumvi ikafanya kazi yake, tabaka la nje hutengana na kifusi cha ndani, na jengo huendelea kusimama kwa mazoea hadi siku litakapoguswa. Miundo ya kihesabu ya kuta za mawe imeendelezwa sana kwa makanisa na ngome za Italia na Ureno. Mawe yetu ya matumbawe hayajapata kazi ya kutosha ya aina hiyo: nguvu yake yakiwa makavu na yakiwa yamelowa, mshikamano wa chokaa iliyopigwa kwa njia za mafundi wa pwani, na tabia ya boriti iliyoliwa na mchwa kwenye ncha inayoingia ukutani. Anayepima mambo hayo katika maabara, kisha akayaingiza katika hesabu, atakuwa na utafiti wa kiwango cha kimataifa, na mafundi wa Unguja watajua la kufanya na matokeo yake.

Yako mengine. Tetemeko la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliangusha nyumba nyingi za matofali ya kuchoma na ya udongo, na bado tunahitaji mbinu rahisi zilizothibitishwa za kuzifunga kuta za aina hiyo. Katani inaweza kutumika kama nyuzi za kuimarisha saruji au plastiki. Mifupa inayovunjika katika ajali za bodaboda huunganishwa kwa bamba za chuma, na umbo la bamba hizo ni tatizo la mekanika ya yabisi kama lilivyo la daraja.

Duniani kwa jumla, mkondo wenye uhai mkubwa ni ule wa kuvunjika kwa vitu. Tangu Griffith alipoeleza karibu mwaka 1920 kwamba ufa hukua pale nishati inayoachiliwa inapotosha kulipia uso mpya unaoundwa, wahandisi waliweza kuhesabu kama ufa utakua, lakini ilikuwa vigumu kujua utapita njia gani. Mwaka 1998 Francfort na Marigo waliligeuza wazo hilo kuwa tatizo la kutafuta nishati ndogo kabisa, na kutoka hapo zikazaliwa mbinu ambazo ufa hujitafutia njia wenyewe ndani ya hesabu, ukajigawa au kuungana na mwingine bila wewe kuuchorea. Nyuma ya mkondo huu kuna mkondo wa vifaa vipya: elektrodi za betri, kwa mfano, ambamo silikoni ikimeza lithiamu huvimba hadi ujazo wake kukaribia mara nne na kujipasua, na maumbo yanayobuniwa na kompyuta yenyewe kwa kuondoa nyenzo isiyobeba kitu, njia iliyofunguliwa na Bendsøe na Kikuchi mwaka 1988, na ambayo sasa imepata nguvu kwa sababu mashine za kuchapa vitu zinaweza kuyatengeneza maumbo hayo.

Utasikia pia mengi kuhusu akili unde. Tangu mwaka 2019, wakati Raissi, Perdikaris na Karniadakis walipochapisha kazi yao juu ya mitandao ya neva inayofundishwa kutii milinganyo ya fizikia, makala za aina hiyo zimemiminika. Maoni yangu ni kwamba mitandao hiyo inafaa sana pale hesabu ileile inaporudiwa maelfu ya mara, au pale unapokuwa na vipimo vichache na unatafuta sifa ya kifaa usiyoijua. Katika kutatua muundo mmoja wa kawaida, mbinu ya elementi bado ni ya haraka na ya kuaminika zaidi. Jifunze yote mawili, lakini usimfuate msimamizi ambaye ana mtandao wa neva na hana swali la mekanika.

Kuhusu mahali pa kusoma, barani Afrika jina la kwanza nitakalokupa ni kituo cha utafiti wa mekanika ya ukokotozi na matumizi yake katika Chuo Kikuu cha Cape Town, ambako Profesa Daya Reddy alijenga shule ya fikra inayoheshimiwa duniani. Reddy huyo alikuja kuwa rais wa Baraza la Kimataifa la Sayansi kuanzia mwaka 2018 hadi 2021. Kwa uzamivu ndani ya bara, utazame pia RSIF, mfuko wa kufadhili wanafunzi wa uzamivu, unaoratibiwa na kituo cha utafiti cha icipe jijini Nairobi. Miongoni mwa maeneo unayofadhili ni madini na sayansi ya vifaa, pamoja na nishati. Ujerumani ina shahada za umahiri zinazofundishwa kwa Kiingereza mahususi kwa fani hii huko Stuttgart na Munich. Wengi bado wanaamini kwamba Ujerumani ni bure kabisa, na hapo pana mtego: vyuo vikuu vya umma vya jimbo la Baden-Württemberg, ambamo Stuttgart imo, vimekuwa vikitoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu mwaka 2017, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kilianza mwaka wa masomo wa 2024/25 kutoza euro 4,000 au 6,000 kwa muhula katika shahada za umahiri. Omba ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma, mapema, kabla hujapokea barua ya udahili. Kwa Uingereza, ambako Swansea ndiko Zienkiewicz alikoifanya mbinu ya elementi kuwa fani inayosimama kwa miguu yake, Mtanzania anaweza kuomba ufadhili wa Jumuiya ya Madola.

Tofauti kati ya Ujerumani na Marekani inafaa uijue kabla hujaandika barua yoyote. Ujerumani, mwanafunzi wa uzamivu wa uhandisi mara nyingi ni mwajiriwa wa chuo mwenye mkataba na mshahara, na anatakiwa awe na shahada ya umahiri kwanza. Marekani, idara nyingi humpokea mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja katika uzamivu, humlipia ada na kumpa posho kwa kufundisha au kufanya utafiti, na tarehe nyingi za mwisho za maombi huangukia Desemba na Januari. Lakini baada ya kuhitimu huko, jua kwamba kazi nyingi za anga na ulinzi zinataka raia au mkaazi wa kudumu, kwa sababu ya sheria za kudhibiti usafirishaji wa teknolojia. Nimeona vijana hodari wakilijua hilo baada ya miaka mitano, na inaumiza.

Nje ya vyuo, viwanda vya magari, ndege, mitambo ya upepo, vifaa vya hospitali na simu vinaajiri wachambuzi wa miundo katika nchi nyingi, na kampuni zinazotengeneza programu hizi zinawahitaji wanaojua hesabu na msimbo kwa pamoja. Nyumbani, mahitaji yanaonekana pale miradi ilipo: bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 kule Rufiji litahitaji watu wa kufuatilia tabia ya zege lake kwa miongo mingi, migodi ya Geita na kwingineko inahitaji wanaojua jinsi mwamba unavyovunjika, madaraja mapya yanahitaji ukaguzi unaozidi kutazama kwa macho. Mengi ya uchambuzi huo yamekuwa yakifanywa na washauri wa nje. Kila Mtanzania anayeweza kuukagua na kuuliza maswali magumu anabadilisha hali hiyo kidogo, na ndiyo sababu nikakujibu kwa urefu huu.

Kompyuta yako inatosha kuanzia. Mwezi wa kwanza, andika kwa lugha ya kompyuta ya Python msimbo wa kuchambua paa la fito zilizounganishwa kwa pembetatu, usiozidi mistari mia moja hivi, na uulinganishe na jibu la mkono. Mwezi wa pili na wa tatu, andika elementi ya pembetatu, uvute bati lenye tundu la duara katikati. Kirsch alionyesha mwaka 1898 kwamba mkazo kwenye ukingo wa tundu ni mara tatu ya ule wa mbali, ikiwa bati ni pana sana kulinganisha na tundu. Wavu wako wa kwanza utakupa labda mbili na kitu. Ugawe mdogo zaidi karibu na tundu na utazame jibu likipanda kuelekea tatu. Usiharakishe hapo, maana tatizo hilo liliwahi kuua watu. Ndege ya jeti ya Comet, iliyoanza safari za abiria kutoka London hadi Johannesburg tarehe 2 Mei 1952 ikipitia Entebbe, ilipoteza mbili kati ya ndege zake angani juu ya Mediterania mwaka 1954. Wachunguzi wa Farnborough, Uingereza, waliuzamisha mwili mzima wa ndege katika tangi la maji, wakaujaza na kuupunguza shinikizo tena na tena kuiga safari, hadi ulipopasuka kuanzia kwenye pembe ya tundu lililokatwa katika bati. Ulikuwa ni uchovu wa metali, yaani ufa unaokua kwa mzigo unaorudiwa tena na tena, pale mkazo ulipojikusanya.

Baada ya hapo chukua programu huria: Gmsh ya kuchora wavu, CalculiX au Code_Aster ya kutatua, ParaView ya kutazama matokeo. Hizi hazihitaji leseni ya kununua, na Code_Aster imetoka katika shirika la umeme la Ufaransa ambako hutumika kuchambua mitambo ya kweli. Jipime kwa majaribio ya NAFEMS, taasisi iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1983 kwa ajili ya kazi hiyo hasa. Jaribio lao la kwanza ni bati la umbo la duaradufu linalovutwa kwa megapaskali 10 kwenye ukingo wa nje, na jibu katika nukta iliyotajwa ni megapaskali 92.7. Ukipata 92.7 na ukaweza kueleza kwa nini wavu wako mpana ulikupa namba nyingine, andika kurasa nne juu ya kazi hiyo na uziweke pamoja na msimbo mahali pa wazi kwenye intaneti. Unapomwandikia profesa, usimweleze kwamba una shauku. Soma makala yake moja, urudie mchoro mmoja uliomo kwa msimbo wako, umtumie mchoro wako pamoja na swali moja ulilokwama. Barua ya aina hiyo ni fupi, na maprofesa huijibu.

Sasa kuhusu kazi. Usiache. Ikiwa hujamaliza mafunzo ya usimamizi kwa vitendo ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, yamalize, kwa sababu usajili ndio utakaomtuliza mjomba wako, na ndio utakaokuwezesha kutia saini ukirudi. Mwambie mjomba kwamba unaomba mwaka mmoja na nusu wa kujiandaa jioni, bila kumwomba fedha, na kwamba hutaondoka mpaka barua ya ufadhili iwe imetaja kiasi, muda na anayelipa.

Tena hapo ulipo una kitu ambacho wanafunzi wengi wa uzamivu hukitafuta kwa shida. Kila siku unapomwaga zege, vibumba vya milimita 150, yaani michemraba ya majaribio, huchukuliwa na kupondwa baada ya siku 7 na siku 28. Kibumba cha zege la nguvu ya megapaskali 25 kinatakiwa kistahimili angalau kilonyutoni 562, lakini wewe umeshaona vibumba vitatu vya mchanganyiko mmoja vikitoa namba tatu tofauti. Mtawanyiko huo, ukiunganishwa na joto la siku, chanzo cha kokoto na saa iliyopita kati ya kuchanganya na kumwaga, ni data ya kuingiza katika hesabu za uwezekano wa nguzo kushindwa kubeba mzigo wake. Mwombe mwajiri wako ruhusa ya maandishi ya kuitumia kwa utafiti bila kutaja jina la mradi, kisha uanze wiki hii kuziandika namba zote katika daftari moja, pamoja na zile za vibumba vilivyofeli.